UZI: Shajara za Anne Lister, fumbo lake, na karatasi zinavyotuonyesha wanawake waliopenda wanawake

#1 Kalamu_Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mada ya historia ya wasagaji ikifunguliwa humu, ukurasa wa pili tayari ni matusi. Uzi huu ni wa nyaraka. Mjadala wa halali na haramu una jukwaa lake, naomba uende huko.

Nimemchagua mtu mmoja kwa sababu moja tu: karatasi zake zimebaki. Anne Lister wa Halifax, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, alizaliwa 1791 na kufariki 1840. Alikuwa mwenye ardhi wa Shibden Hall. Alikusanya kodi kwa wapangaji, akachimba makaa ya mawe, akagombana na majirani kuhusu mipaka ya migodi. Aliandika shajara kuanzia 1806 hadi Agosti 1840, wiki sita kabla ya kifo chake. Zote pamoja zina maneno kama milioni 5. Takriban sehemu moja ya sita imeandikwa kwa fumbo, ambalo mwanzo wake ni barua za siri kati yake na mwenzake wa shule huko York, Eliza Raine.

Fumbo hilo ni la alama moja kwa herufi moja. Irabu ni tarakimu zilizofuatana: a ni 2, e ni 3, i ni 4, o ni 5, u ni 6, y ni 7. Konsonanti kazitoa huku na huko. Baadhi ni alama za hesabu: p ni +, s ni =. Baadhi ni mabano: b ni bano la kufungua, c ni la kufunga. Herufi h ni theta ya Kigiriki. Halafu kuna kundi linalowaangusha wanaoanza: herufi za kawaida zilizohamishwa makazi. Ukiona d, soma l. Ukiona p, soma r. Ukiona n, soma g. Ukiona g, soma v.

Kwa hiyo neno la Kiingereza love, yaani pendo, linakuwa d5g3. Sentensi nzima ya "nampenda" kwa lugha yake ingetoka hivi: 4d5g3θ3p. Mfano huo nimeutunga mimi, lakini mtindo ni wake: hakuna nafasi kati ya neno na neno, hakuna nukta, hakuna herufi kubwa. Mistari kumi inaweza kwenda hivyo bila kupumua.

#2 Pilipili_Kichaa

Mkuu hilo ni fumbo au chemshabongo ya gazeti la Jumapili? Mwanamke msomi hivyo, alikuwa anamficha nani?

#3 Kalamu_Kavu

@Pilipili_Kichaa swali zuri. Alikuwa anawaficha watu wa nyumbani: mdogo wake, watumishi, mgeni anayepita mezani. Hakuwa anajikinga na jeshi la majasusi. Kwa kazi hiyo fumbo lilitosha. Halikutosha kwa mtu mwenye subira na muda.

Mtu huyo alikuja kuwa John Lister, wa mwisho wa ukoo huo kuishi Shibden. Miaka ya 1890 alikaa na rafiki yake mwalimu, Arthur Burrell, wakaanza kulifungua. Herufi mbili, h na e, walikuwa wamezikisia. Kisha, katikati ya rundo la hati, wakakuta kipande cha karatasi chenye maneno ya kawaida yanayosema kwamba kwa Mungu ndiko kuliko na kitu fulani chake, na neno la mwisho likiwa kwa fumbo. Neno lenye h na e linaloingia hapo ni hope, tumaini. Wakawa na herufi nne. Burrell aliandika baadaye kwamba saa 8 usiku walikuwa wamemaliza.

Angalieni kwa nini neno hilo moja lilitosha kuvunja ukuta. Ukishajua e ni 3 na o ni 5, unauliza: je, i si 4? Ukijaribu ikakubali, basi a ni 2 na u ni 6. Irabu zote zimeanguka. Kwa Kiingereza, ukiwa na irabu zote konsonanti zinajikisia zenyewe. Kupanga tarakimu kwa mfuatano ndiko kulikomponza.

Walichosoma kiliwashtua. Burrell alishauri shajara zichomwe. John Lister hakuzichoma; alizirudisha nyuma ya mbao za ukutani humohumo Shibden, zikakaa. Watu wengi wanadhani alifanya hivyo kwa kupenda historia tu. Mimi naona pia alikuwa na la kuogopa, maana sheria ya 1885 ilikuwa imeanza kuwafunga wanaume kwa "uchafu" kati yao, na mwanamume asiyeoa anayekutwa na maandishi kama hayo angezungumzwa. Hiyo ni rai yangu, ipimeni.

John Lister alifariki 1933 na nyumba ikawa ya mji. Burrell akamkabidhi mkutubi wa Halifax ufunguo wa fumbo. Miaka ya 1950 na 1960 Phyllis Ramsden na Vivien Ingham walizisoma nyingi, lakini kamati ya mji iliweka masharti kuhusu yanayoweza kuchapwa, na Ramsden aliandika kwamba sehemu za fumbo zinachosha, hazina maana kwa mwanahistoria. Mpaka 1988, Helena Whitbread wa Halifax alipochapa sehemu za 1817 hadi 1824 bila kuficha kitu.

#4 Bi_Nyaraka

Mleta uzi umefungua vizuri, ila umeacha watu waamini kwamba kazi ngumu ni fumbo. Fumbo ndiyo sehemu rahisi. Kigumu ni mwandiko wake wa kawaida: mdogo mno, umejaa vifupisho, na wino wa upande wa pili wa karatasi umepenya.

Kwa anayetaka kujaribu, picha za kurasa zimewekwa mtandaoni na hifadhi ya nyaraka ya West Yorkshire, ambayo shajara ziko kwenye tawi lake la Halifax. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Kwanza nakili alama kama zilivyo, mstari kwa mstari, bila kujaribu kuelewa. Weka alama mahali mwandiko wa kawaida unapogeuka kuwa fumbo; mara nyingi ni katikati ya sentensi, wakati mwingine anaingia kwa fumbo kwa maneno matatu na kutoka. Mzunguko wa pili badilisha irabu peke yake. Wa tatu, konsonanti. Baada ya hapo ndipo unakata maneno. Ukikata mapema utajenga neno lisilokuwepo, na jicho likishaliona halikubali kuliachia.

Makosa yanayojirudia: tarakimu. Yeye huandika joto la chumba, saa ya kuamka, shilingi alizolipa, yote kwa namba. 3 kwenye mwandiko wa kawaida ni tatu. Hatua mbili mbele, ndani ya fumbo, 3 ni e. La pili, alama ya kulala ya m na zile mbili za s zinafanana wino ukififia. La tatu, herufi zinazojirudia ndani ya neno, kama ss au ll, ana alama maalumu kwa baadhi yake. Ukiitafuta kwenye orodha ya herufi moja moja hutaiona, utadhani ni doa. Usirekebishe tahajia yake. Pasipo uhakika weka alama ya kuuliza, na sehemu za fumbo ziandikwe kwa herufi za mlalo ili msomaji ajue zimetoka wapi.

Majina nayo yana tabia. Mariana Lawton, aliyempenda kuliko wote kwa miaka mingi, ni M na mstari. Isabella Norcliffe ni Tib. Ann Walker, mwenzi wake wa miaka ya mwisho, anaanza kama Miss W, kisha uhusiano ukikaa sawa anakuwa A. Ukifuatilia hilo badiliko peke yake unapata tarehe ambazo hakuna barua inayozisema.

Jambo la mwisho: ndani ya fumbo kuna fumbo. Anapoandika "busu" usiku, kwa kawaida hasemi la mdomoni. Ni tendo la kitandani. Msalaba mdogo pembeni mwa ukurasa nao ni kumbukumbu ya aina hiyohiyo. Wasomaji wa mwanzo walipita hapo wakaona busu, wakaenda zao.

#5 Mzee_wa_Ngano

Bi Nyaraka shikamoo. Kwa hiyo siri zote za mapenzi ziko kwenye fumbo, na biashara iko kwenye mwandiko wa kawaida?

#6 Bi_Nyaraka

Marahaba. Hapana, na hilo ndilo kosa la wanaosoma matoleo yaliyochujwa. Ndani ya fumbo ameweka pia wasiwasi wa fedha, aibu ya nguo zilizochakaa, maoni makali kuhusu watu aliokula kwao jioni hiyo. Na kwenye mwandiko wa kawaida ameandika nani kalala chumba kipi, nani kampa nani pete, nani kalipia safari. Anayesoma fumbo peke yake anapata mapenzi yasiyo na miguu. Anayesoma mwandiko wa kawaida peke yake anapata bibi mwenye shamba asiye na moyo.

#7 Fikra_Huru_255

Sasa swali la msingi ambalo mnalikwepa. Neno la leo mnambandika mtu wa karne mbili nyuma. Utambulisho huu umebuniwa na madaktari wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake kulikuwa na matendo tu, hakukuwa na "mtu wa aina hiyo". Lister alikuwa mwanamke wa ajabu, basi.

#8 Kalamu_Kavu

@Fikra_Huru_255 hoja hiyo inaheshimika vyuoni, na ilikuwa na nguvu zaidi kabla ya 1988. Shajara zimeitikisa. Tarehe 29 Januari 1821 ameandika kwamba anapenda, na anapenda tu, jinsia ya kike, nayo ikimpenda yeye, na kwamba moyo wake unakataa pendo lolote lisilo lao. Hapo haongelei tendo la usiku mmoja. Anajieleza alivyo. Mahali pengine anatetea kwamba ni maumbile yake, kwamba hakujifunza kwa mtu.

Tena alijua kwamba wapo wengine, na alikuwa na njia ya kuwapima. Mwaka 1823 alikutana na Frances Pickford, mwanamke msomi. Katika mazungumzo Lister akaulizia kama amesoma Satira ya Sita ya Juvenal. Mshairi huyo Mrumi anagusa humo wanawake wanaolala pamoja. Asiyejua Kilatini atajibu "hapana" na hakuna kilichoharibika. Aliyesoma atajua anaulizwa nini. Mtu anayehitaji kipimo cha namna hiyo tayari ana wazo la "watu kama mimi".

Ninachokubaliana nawe: yeye hakuwa na klabu, gazeti wala jina la kundi. Hivyo vilikuja baadaye, na vikabadili mambo.

#9 Nuru_ya_Kibao

Kuna mkasa wa kibao unaoingia hapa. Mwaka 2018 kanisa la Holy Trinity, Goodramgate, York, liliwekewa kibao cha ukumbusho chenye rangi za upinde wa mvua. Kilimwita mjasiriamali asiyefuata kaida za kijinsia. Neno la msagaji halikuwemo kabisa. Wanawake wakalalamika, maelfu wakatia saini, na 2019 kikabadilishwa: sasa kinasema msagaji na mwandishi wa shajara.

Waliotunga maneno ya kwanza hawakuwa wajinga. Lister alivaa nyeusi tupu tangu 1817, alitembea na kuongea kwa namna iliyofanya watu wa Halifax wamwite Gentleman Jack, na ndani ya shajara kuna mahali anatamani mambo ya kiume. Wapo wasomaji leo wanaoona humo mtu ambaye angejitambua tofauti kabisa na mwanamke. Lakini kibao kina maneno machache, na kati ya yote waliyoweza kuchagua wakaliruka lile ambalo maneno milioni 5 yanalithibitisha kila mwezi. Walalamikaji walikuwa na haki.

#10 Pilipili_Kichaa

Na kwa nini kanisani? Alifunga ndoa??

#11 Wakili_Mstaafu

Ndiyo na hapana, na hapa ndipo uzi huu unanoga.

Ann Walker alikuwa jirani, mrithi mwenye mali kuliko Lister. Tarehe 27 Februari 1834 walibadilishana pete. Jumapili ya Pasaka, 30 Machi 1834, walishiriki sakramenti pamoja katika kanisa hilo la Goodramgate. Padri hakujua anashuhudia nini; kwake walikuwa waumini wawili waliopiga magoti. Kwao ulikuwa muungano mbele za Mungu. Kisha Walker akahamia Shibden.

Kwa kuwa sheria haikuwapa ndoa, waliiunda kwa vipande vya sheria nyingine. Kipande kikubwa kilikuwa wosia. Kila mmoja alimwachia mwenzake haki ya kutumia mali yake kwa maisha yake yote, mali yenyewe ikibaki kwa ukoo baada ya hapo. Wosia wa Lister wa 1836 uliweka sharti kwamba Walker akiolewa, haki hiyo inakoma. Sharti hilo halikuwa wivu. Chini ya sheria ya wakati huo mwanamke akiolewa mume ndiye anayeshika usimamizi wa mali yake, kwa hiyo bila sharti Shibden ingeangukia mikononi mwa mwanamume yeyote ambaye angemposa Walker.

Ilivunjika wapi? Kwanza mtaani: Januari 1835, joto la uchaguzi likiwa juu, gazeti la Leeds lilichapa tangazo la dhihaka la ndoa ya "Kapteni Tom Lister" wa Shibden na Bi Walker. Pili, kifo. Lister alifia Kutaisi, Georgia ya Kaukasi, tarehe 22 Septemba 1840, kwa homa, wakiwa safarini wawili. Walker alimleta maiti hadi Halifax, akazikwa Aprili 1841. Wosia ulisimama, Walker akarudi Shibden kama ulivyosema. Lakini 1843 jamaa zake walimfanya atangazwe kuwa hana akili timamu, akaondolewa na kupelekwa York, kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili iliyosimamiwa na daktari ambaye ni kaka yake Mariana Lawton. Wosia unaweza kumkinga mtu dhidi ya ndugu wa marehemu. Haumkingi dhidi ya ndugu zake mwenyewe.

#12 Mama_Tarime

Ndugu zangu mbona mnahangaika na Uingereza? Kwetu Mara mwanamke kuoa mwanamke ni jambo la kale. Nyumba ntobhu ipo mpaka leo. Na Wanandi, na Wakisii. Kwa hiyo usagaji Afrika ulikuwepo, mjadala umeisha.

#13 Wakili_Mstaafu

@Mama_Tarime heshima yako mama, ila mjadala ndiyo unaanza. Watu hutumia ndoa hizo kuthibitisha usagaji, na wengine kuzikana kabisa. Wote wanaruka namna zinavyofanya kazi.

Kwa Wanandi, mali inagawanywa kwa nyumba: kila mke na ng'ombe wa nyumba yake, wanaokwenda kwa wana wa kiume wa nyumba hiyo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume nyumba yake haina mrithi. Akishapita umri wa kuzaa anatoa mahari na kuoa mwanamke. Mke huyo anazaa na mwanamume mwingine, na watoto wanahesabiwa wa nyumba ya aliyetoa mahari. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler, aliyeandika kuhusu hili mwaka 1980, alieleza kwamba Wanandi wenyewe wanamhesabu mume huyo wa kike kuwa mwanamume, anatarajiwa aachane na kulala na wanaume, na wanakana kwamba kuna mapenzi ya mwili kati yake na mke. Kwa Wakuria mpangilio ni mwingine kidogo: anayeolewa huitwa mkamona, mke wa mwana, hata kama mwana huyo hayupo. Yule bibi anakaa nafasi ya mkwe kuliko ya mume.

Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2011 iliitambua ndoa ya Kinandi ya aina hii katika kesi ya mirathi. Ilichoangalia ni mila na urithi. Kitanda hakikuwa hoja.

Je, hakuna hata wawili kati yao waliopendana? Nani atasema? Lakini taasisi yenyewe ni ya nyumba, mahari na mrithi. Ukiibandika jina la usagaji unapoteza maana yake, na unawaletea wanawake wa Tarime balaa wasilolitafuta.

#14 Mama_Tarime

Nimekuelewa wakili. Hapo kwenye mkamona uko sahihi, kwetu ni mke wa mwana.

#15 Mvita_Mjini

Kwa Pwani kuna kitu kilicho karibu zaidi na mada. Mwaka 1987 Gill Shepherd alichapa utafiti wake kuhusu Mombasa. Alieleza wanawake wasagaji waliojulikana hivyo mtaani, na hoja yake kuu ilikuwa cheo: mwenye mali, mara nyingi mtu mzima aliyekwisha kuolewa na kuachika au kufiwa, anamlea na kumtunza asiye nacho. Kwake, cheo na mali vilieleza mengi kuliko jinsia ya anayelala naye. Wenzake walimlaumu kwa kuweka uchumi mbele hadi mapenzi yakapotea, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini rudini kwa Lister: alimtafuta Walker kwa moyo, na pia kwa hesabu, maana migodi ilihitaji mtaji. Ameandika vyote viwili bila haya. Hawa watu wa Halifax na wa Mji wa Kale wangeelewana haraka kwenye jambo hilo.

#16 Fikra_Huru_255

Sawa, nakubali nusu. Lakini basi mnaona wenyewe hakuna utambulisho mmoja. Kuna matajiri wenye karatasi.

#17 Kalamu_Kavu

Hapo umegonga penyewe, na ndiyo sababu ya kuanzisha uzi. Tunachokijua kimechujwa na mali.

Chukua mabibi wa Llangollen, Eleanor Butler na Sarah Ponsonby. Walitoroka Ireland 1778, wakakaa pamoja Wales karibu miaka 50 katika nyumba ya Plas Newydd, wageni wa heshima wakimiminika kuwatazama. Dunia iliuita urafiki mtakatifu. Lister aliwatembelea 1822, akarudi akaandika kwamba hawezi kuamini ulikuwa urafiki mtupu, akijiangalia mwenyewe ana mashaka. Posho za ukoo na nyumba yao wenyewe vilifanya wasiulizwe.

Ukitaka maskini, inabidi usubiri miji mikubwa na mishahara ya wanawake. Berlin baada ya vita ya kwanza ya dunia: gazeti la Die Freundin lilitoka 1924 hadi 1933, likiuzwa kwenye vibanda kama magazeti mengine. Klabu ya Violetta, iliyoongozwa na Lotte Hahm, ilikusanya wanawake mamia. Sheria ya Ujerumani dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kifungu cha 175, ilihusu wanaume tu. Ya Austria ilijumuisha wanawake. Wanazi walipoingia 1933 magazeti na klabu vilifungwa hata bila kifungu kipya.

Marekani nako kulikuwa na tabaka mbili zisizopikika chungu kimoja. Kwenye baa za wafanyakazi, kama za Buffalo miaka ya 1940 na 1950, walikuwa na mgawanyo ulio wazi: mwenye suruali na nywele fupi, na mwenzake wa gauni. Mwenye suruali ndiye aliyepigwa na polisi kwa kuwa ndiye aliyeonekana. San Francisco, 1955, wanawake 8 wakiwemo Del Martin na Phyllis Lyon walianzisha Daughters of Bilitis, mahali pa kukutana mbali na baa, na jarida lao lilitoka 1956 hadi 1972. Hao waliwahimiza wanachama wavae kwa namna isiyoshtua majirani. Miaka ya 1970 wakaja watetezi wa wanawake waliosema mgawanyo wa suruali na gauni unaiga ndoa ya mume na mke. Wale wa baa hawakusahau hayo upesi.

#18 Pilipili_Kichaa

Uingereza kwani haikuwa jinai? Mbona alitembea kifua mbele.

#19 Wakili_Mstaafu

Kwa wanawake haikuwa kamwe. Mwaka 1811 walimu wawili wa Edinburgh, Marianne Woods na Jane Pirie, waliposhtaki kwa kashfa baada ya shule yao kufungwa kwa tuhuma hiyo, baadhi ya majaji walisema jambo lenyewe haliwezekani kwa wanawake wa daraja lao. Walishinda hadi Baraza la Malodi, yaani Bunge la juu lililokuwa pia mahakama ya mwisho ya rufaa, 1819, shule ikiwa imekufa zamani. Mwaka 1921 Bunge la chini lilipitisha kipengele cha kuwaadhibu wanawake. Malodi wakakikataa, kwa hoja kwamba kukitaja tu kungewafundisha wasiojua.

Kwetu historia imekwenda kinyume. Zanzibar iliingiza usagaji kwa jina katika sheria ya jinai mwaka 2004, kifungo hadi miaka 5. Kwa hiyo anayenakili au kukusanya nyaraka za watu walio hai huku ajue yuko kwenye ardhi gani.

#20 Msomaji_Mkimya

Bi Nyaraka, nafuata uzi tangu mwanzo. Mtu akiachiwa boksi la barua na picha za marehemu shangazi, za aina hii, azifanyeje zisiharibike wala zisimuumbue mtu?

#21 Bi_Nyaraka

Mwanangu, usizipange upya. Mpangilio alioziacha ni ushahidi. Barua iliyokutwa ndani ya hati ya kiwanja inasema kitu kuliko ikiwa peke yake. Piga picha ya boksi lilivyo kabla ya kugusa.

Ondoa vibanio vya chuma na mipira ya kufungia, vinaozea kwenye karatasi. Usitumie gundi ya utepe kuunga palipochanika: baada ya miaka huwa kahawia na kula wino. Zikunjue, ziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, picha moja kwa bahasha moja. Usitumie nailoni ya dukani, hasa Pwani. Unyevu ukinaswa humo kuvu inaota ndani ya msimu mmoja. Weka juu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Nyuma ya picha andika kwa penseli, si kalamu, na pembeni: mwaka, mahali, nani. Jina la mtu aliye hai usiliandike hapo. Mpe namba, na orodha ya namba na majina ikae nyumba nyingine.

Ukitaka kuzikabidhi, zipo hifadhi zilizojengwa kwa kazi hii. Lesbian Herstory Archives ya New York, iliyoanzishwa 1974 na sasa iko Brooklyn, hupokea karatasi za msagaji yeyote, awe mashuhuri au mpishi. Popote utakapopeleka, usikabidhi kwa mdomo. Dai mkataba wa maandishi wenye mambo matatu: nani anamiliki karatasi, nani anamiliki haki ya kuchapa, na zitafungwa kwa miaka mingapi kabla ya mtu kuruhusiwa kuzisoma. Kufunga hadi wote waliotajwa wawe wamefariki ni jambo la kawaida na halihitaji maelezo. Nakala za kidijitali nazo ziingie kwenye sharti hilohilo kwa kutajwa, maana wengine hufunga boksi na kuacha picha zake wazi mtandaoni.

#22 Msomaji_Mkimya

Asante sana Bi. Na zile zilizokwisha kubandikwa utepe?

#23 Bi_Nyaraka

Usiubandue mwenyewe. Wino utatoka nao. Ziache hivyo, ziweke peke yake zisigusane na nyingine, na kwenye orodha andika "ina utepe" ili mhifadhi azianze hizo.